Printa Haipatikani

Saa nne usiku, Valdivia, mvua ya Agosti
inanyesha kama inayolipwa kwa saa.
Nina mtihani wa sehemu na desimali,
darasa la tano B, nakala thelathini na mbili,
kesho saa mbili kamili,
na kioo cha kompyuta kinanijibu neno moja:
Haipatikani.

Haipatikani vipi? Naiona.
Imekaa juu ya kabati la marehemu mama mkwe,
nusu imefunikwa kitambaa alichofuma mwenyewe,
kijitaa chake kinapepesa, kinapepesa,
kama jicho lililoingiwa na moshi.

Nikafanya yanayofanywa na kila mtu.
Nikazima, nikawasha.
Nikachomoa waya ukutani, nikahesabu hadi thelathini,
nikachomeka; kumbe nilichomoa wa redio.
Nikaanza tena.
Nikaifungua tumbo, nikatoa karatasi iliyojikunja kama kiwavi:
risiti ya gesi, ya mwaka juzi.
Nikatikisa katriji. Nikaifuta kwenye kompyuta, nikaisajili upya.
Ikakubali jina, ikakataa kazi.
Foleni: kazi moja. Kazi mbili. Kazi saba,
zote mtihani uleule,
maana mwenye haraka hubonyeza kama anayebisha hodi
kwa mtu anayemdai.

Froilán akasema kutoka kitandani, Lala, utachapa shuleni.
Printa ya shule ilikufa Juni. Sikumjibu.

Kuna kitufe ukikishikilia sekunde tano
mashine hutoa ukurasa mmoja wa habari zake.
Nikakishikilia. Ikakohoa, ikatoa:
modeli yake, kiasi cha wino, anwani isiyo na kitu,
na mstari wa sita, mtandao inaoutafuta:
KWA BARRÍA.

Nikaketi.

Kwa Barría hapapo tangu Mei.
Mei tuligombana juu ya kuni,
mita nne za ulmo zilizokuja zimelowa,
nani alilipa, nani alichoma zaidi, nani alimwambia nani mchoyo.
Nibaldo, shemeji yangu, akapanda ngazi na ruta kwapani
kama anayehamisha kuku,
akaibadilisha jina na nenosiri.
Sasa wao wanaitwa Juu.
Sisi tukanunua yetu, tukaiita Chini,
wala hatukuona haya.

Na huyu, juu ya kabati, hakuambiwa na mtu.
Miezi mitatu anaita jina la nyumba,
usiku na mchana, kwa taa ndogo.

Ningeweza kuipa nenosiri la Chini, yakaisha.
Kidole kilifika kwenye herufi ya kwanza.
Kisha nikafikiria njia nyingine, ya kijinga zaidi:
kuipa ruta yetu jina lile la zamani,
na lile nenosiri la zamani, nayo ijirudie yenyewe.
Ila nenosiri alilitunga Nibaldo.

Ngazi ni kumi na moja. Ya saba hulia.
Nikagonga. Yasna akafungua, mswaki mdomoni.
Nikaeleza mambo ya printa tu. Kuni sikuzitaja.
Kimya. Halafu sauti ya Nibaldo kutoka gizani:
«Kunikavu. Herufi ndogo, bila nafasi.»
Yasna akacheka hadi povu likamtoka.

Aliteremka na soksi, akaandika mwenyewe,
haniamini na vitufe.
Taa ikapepesa mara mbili, ikatulia.
Mashine ikavuta pumzi na kuanza,
karatasi ya kwanza, ya pili, ya thelathini na mbili,
ya thelathini na tatu.
«Umetuma ngapi?»
Saba, nikasema. Mara thelathini na mbili.
Angeweza kuifuta foleni. Anajua jinsi.
Alivuta kigoda karibu na jiko,
akaichukua nakala ya juu, ikiwa moto bado,
akaisoma polepole kama mtoto wa tano B.

«Swali la tisa,» akasema, «lina kosa.»

Nikalitazama.
Lilikuwa na kosa.